Mshauri nasaha wa mtandaoni au wa ana kwa ana? Ulinganisho kwa watu wa Mbeya, Iringa na Njombe

Ukiwauliza watu wa Mbeya pa kumpata mshauri nasaha, utapewa majibu mawili. Wa kwanza atakwambia tafuta kwenye simu, siku hizi wapo wengi, unalipia kwa simu na kuzungumza ukiwa chumbani kwako. Wa pili atakwambia achana na hayo, nenda hospitali ukaonane na mtu uso kwa uso. Wote wanasema kweli, ila kila mmoja anafikiria tatizo tofauti. Mjane ambaye matanga yameanuliwa na nyumba imebaki kimya atasema "nina mawazo". Kijana ambaye kila asubuhi mikono inatetemeka mpaka apate komoni, pombe ya kienyeji, naye atasema hivyo hivyo. Njia ya kuwasaidia si moja.

Ndiyo maana ulinganisho huu nimeupanga kwa kufuata tatizo. Msimamo wangu ni huu: kwa msongo wa mawazo na mabadiliko ya maisha, ushauri wa simu unafaa, na kwa mtu wa Makete, Ludewa au Chunya huenda ndio unaofaa kuliko wote. Kwa uraibu ambao mwili umeshauzoea, anzia hospitali, simu ifuate. Anayechanganya mambo haya mawili anaweza kupoteza pesa, au kupoteza mtu.

Ninaposema mtandaoni nina maana ya kikao cha video, cha sauti au cha kuandikiana ujumbe na mtu aliyesomea kazi hiyo. Ana kwa ana ni pamoja na kitengo cha afya ya akili cha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, hospitali za rufaa za mikoa, maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na washauri binafsi wenye ofisi mjini.

Msongo wa mawazo, wasiwasi na sonona

Tiba ya mazungumzo iliyochunguzwa zaidi duniani ni ile inayomfundisha mtu kuyatambua mawazo yanayomwangusha, kuyapima kama yana ukweli, na kubadili anachofanya kila siku. Daktari Aaron Beck wa Marekani aliiasisi miaka ya 1960. Sehemu yake kubwa ni mazungumzo na kazi ya nyumbani: andika siku ilivyokwenda, jaribu jambo moja dogo, rudi tuzungumze. Kwa hiyo inahamia vizuri kwenye simu. Tafiti zilizolinganisha wagonjwa waliotibiwa kwa intaneti na waliotibiwa ofisini zimeonyesha matokeo yanayokaribiana sana kwa sonona na wasiwasi, mradi upande wa intaneti kuwe na mtu halisi anayemfuatilia mgonjwa. Programu ambayo mtu anaachiwa apambane nayo peke yake haisaidii kiasi hicho, na wengi huiacha njiani. Kama una pesa ya kulipia kitu kimoja, lipia mtu.

Ofisini kuna jambo ambalo simu hailitoi. Mshauri aliyekaa mbele yako huona usichokisema: shati limekuwa kubwa mwilini, mguu hautulii, umekaa ukiutazama mlango. Kwenye video anaona uso na kipande cha ukuta, na ukitaka kumficha jambo unainua simu kidogo tu. Halafu kuna mtandao wetu. Mtu amezunguka nusu saa, sasa anafikia lile ambalo hajawahi kumwambia yeyote, sauti inakatika, na kinachorudi ni "unanisikia? naomba urudie hapo." Hawezi kulirudia. Atasema "basi, haikuwa muhimu," na kikao kitaendelea juu juu mpaka mwisho.

Kwa hiyo ukiwa mahali penye mtandao wa kusuasua, usiing'ang'anie video. Omba kikao kwa simu ya kawaida, ya dakika. Hata kiswaswadu kinatosha. Sauti inayofika yote ni bora kuliko picha inayogandaganda.

Lugha nayo ina uzito. Majukwaa makubwa ya nje huendesha huduma yake kwa Kiingereza, na mtu anayeongea Kiingereza cha kazini hulazimika kutafsiri huzuni yake kabla ya kuisema. Tafuta Mtanzania. Na kama mwenye shida ni mzee wa Rungwe aliyezoea Kinyakyusa, mpeleke ana kwa ana. Nimeona jinsi mzee anavyolegea mabega pale muuguzi anapomwanza kwa "ugonile" badala ya kumfungulia faili.

Utajuaje kama unasaidika? Kuna dodoso la maswali 9 liitwalo PHQ-9, ambalo linapatikana kwa Kiswahili. Kila swali lina alama 0 hadi 3 kwa hali ya wiki mbili zilizopita, jumla 27, na kuanzia 10 ni dalili ya sonona inayohitaji kushughulikiwa. Mwombe mshauri wako, awe wa simuni au wa ofisini, akupime mwanzoni na tena baada ya vikao vinne au vitano. Namba isiposhuka, zungumzeni au badilisha mshauri. Swali la mwisho kati ya hayo 9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Ukikuta jibu lako ni ndiyo, hapo ulinganisho umekwisha: nenda hospitali iliyo karibu leo, uende na mtu. Mshauri aliye Dar es Salaam hawezi kukushika mkono ukiwa Mafinga.

Uraibu

Hapa ndipo ninapoomba usome polepole.

Pombe inadanganya kuliko vilevi vyote kwa sababu tunaiona ya nyumbani. Ulanzi unagemwa kwenye mianzi ya Iringa na Njombe msimu wa mvua, komoni na kimpumu zipo vilabuni Mbeya mwaka mzima, na nani atamwita mraibu mzee anayeanza siku na kikombe kimoja? Lakini mwili uliokunywa sana kila siku kwa muda mrefu ukinyimwa pombe ghafla, unaasi. Kutetemeka, jasho, kutapika na kukosa usingizi huanza ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege hutokea zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne mtu anaweza kuchanganyikiwa kabisa, akaona visivyokuwepo, homa ikapanda, na hali hiyo inaua. Hospitali huizuia kwa dawa za jamii ya diazepam zinazopunguzwa hatua kwa hatua, pamoja na vitamini B1.

Sasa fikiria mshauri wa mtandaoni, mwenye nia njema kabisa, anamwambia mtu wa namna hiyo: "Leo ndiyo mwisho, usiguse tena." Anamhatarisha. Haoni mikono, hasikii harufu, hajapima presha. Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia, pima kwanza. Shirika la Afya Duniani lina dodoso liitwalo AUDIT, maswali 10, alama 0 hadi 40. Alama 8 na kuendelea zinaonyesha unywaji wenye hatari, na mtu wa kiwango hicho ambaye hatetemeki asubuhi anaweza kusaidiwa vizuri tu kwa simu. Ukifika 20 na kuendelea, au kama umewahi kupata degedege au kuona vitu ulipoacha, anza kwa daktari. Hilo si la kujadili.

Akishatoka hospitali, simu inakuwa na thamani kubwa. Kuacha ni wiki moja, kukaa bila pombe ndiyo kazi, na kazi hiyo haifanyiki kwa miadi ya mara moja kwa mwezi. Huku kwetu mitego inajulikana kwa kalenda: mazao yakiuzwa na pesa ikawa mfukoni, ulanzi ukianza kutoka, saa kumi na mbili jioni wenzake wakipita mlangoni kumwita. Mshauri anayepigiwa dakika hiyo hiyo anasaidia kuliko aliye bora lakini yuko mbali. Kusafiri kila wiki kutoka Kyela kwenda Mbeya mjini kwa kikao cha saa moja, wachache wataweza kwa miezi sita. Kuna pia Alcoholics Anonymous, chama cha watu walioacha pombe wanaoshikana mkono, kilichoanza Marekani mwaka 1935. Mikutano yake ya mtandaoni ipo usiku na mchana bila malipo, ingawa mingi ni ya Kiingereza.

Kwa heroini, chaguo ni dogo zaidi. Arosto ya unga inatesa, lakini kwa kawaida si yenyewe inayoua. Kinachoua ni mtu kukaa wiki kadhaa bila kutumia, mwili ukapoteza uzoefu, kisha akarudia kipimo chake cha zamani. Tiba yenye ushahidi ni methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, ambayo Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya nayo ina kliniki yake. Dozi ni ya kila siku, hunywewa mbele ya muuguzi, bure. Hakuna namna ya kuipata kwa video. Ugumu wake ni umbali: mtu wa Tunduma, kama kilomita 100 kutoka Mbeya, inabidi ahamie kwa ndugu mjini miezi ya mwanzo. Familia nyingi hukwama hapo, na ni vizuri kulipanga hilo kabla ya kumshawishi kijana akubali tiba, kwa sababu akikubali hatakubali kwa muda mrefu. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inapokea simu bure kwa namba 119. Waulize pa kuanzia.

Kubeti ni tofauti. Hakuna degedege, hakuna dozi, na mazungumzo yanatosha kuwa tiba. Ungedhani mtandaoni ndiko kwenyewe. Lakini simu anayozungumzia na mshauri ndiyo simu yenye mikeka ya kubeti, ndiyo yenye salio, na tangazo la odds linaweza kuingia kikao kikiendelea. Kwa mtu wa kubeti ninashauri ofisini, angalau mwanzoni, na asiende peke yake: aende na mke, kaka au yeyote atakayeshika laini ya pesa kwa muda. Akirudi kwenye ushauri wa simu baadaye, apige kwa kiswaswadu.

Wakati mwingine anayetafuta msaada ni mama au mke, mraibu mwenyewe hataki kusikia. Kwa ndugu hawa mtandao unashinda moja kwa moja. Ipo mbinu iitwayo CRAFT, kazi ya Robert Meyers wa Marekani, inayowafundisha wanafamilia namna ya kuongea bila ugomvi, kumtia moyo siku anapokuwa mzima, kuacha kumlipia madeni ya kilevi, na kumwalika kwenye tiba saa inayofaa. Imeonyesha kuwaingiza waraibu wengi zaidi kwenye matibabu kuliko njia ya kumkalisha kikao cha familia na kumbana. Mama anaweza kujifunza hayo kwa simu akiwa shambani, mwanawe asijue. Na mama huyo naye anahitaji kuulizwa analalaje.

Mabadiliko ya maisha

Kuhamishwa kituo, kustaafu, kufiwa, talaka, mtoto wa kwanza. Hapa simu ina sifa ambayo ofisi haina: inahama na wewe. Mwalimu aliyeanza kuzungumza na mshauri akiwa Iringa mjini, akahamishiwa Makete, haanzi upya kumsimulia mgeni maisha yake yote. Mvua za Novemba hadi Aprili zikiharibu barabara, kikao kinaendelea.

Msiba una utaratibu wake. Siku za matanga watu wamejaa, chakula kinapikwa, na mfiwa hahitaji mshauri wa kulipwa. Upweke huja baada ya hapo, mwezi wa pili, wa tatu. Huo ndio wakati wa kupanga vikao, na kwa mtu anayeishi peke yake ningechanganya: simu kila wiki, na mtu wa kumtembelea. Utafiti wa Zimbabwe unaojulikana kama Friendship Bench uliochapishwa mwaka 2016, wenye washiriki 573, ulionyesha kwamba bibi wa mtaani waliofundishwa vizuri na kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati za Harare walipunguza dalili za sonona kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo usidharau mama wa jumuiya au mzee wa kanisa anayejua kusikiliza. Sala na mazungumzo ya mchungaji yana nafasi yake kubwa huku kwetu, ila mchungaji mzuri ndiye pia anayejua ni lini aseme twende hospitali.

Ndoa iliyo kwenye mgogoro, napendekeza ana kwa ana. Watu wawili wenye hasira mbele ya simu moja hugombania hata nani aishike. Na kama mambo yanaelekea talaka, kumbuka kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 kwa kawaida inataka shauri lipite kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Vikao vya mshauri wa mtandaoni, hata vikiwa kumi, havichukui nafasi hiyo.

Siri

Watu wengi hunitajia siri kama sababu ya kuchagua simu, nami nawaelewa. Mbeya ni mji, lakini mtu wa Uyole akikaa kwenye benchi la kliniki ya afya ya akili asubuhi, jioni shemeji yake wa Mwanjelwa ameshapigiwa. Neno "kichaa" bado linatolewa kirahisi. Kwenye simu hakuna benchi.

Ila angalia nyumba unayoishi. Nyingi za nyumba zetu za kupanga zina kuta zisizofika juu. Dari ni moja kwa vyumba vyote, na unachomwambia mshauri wako saa mbili usiku kinasikika chumba cha tatu. Wakati wa baridi ya Juni na Julai hutatoka nje kukaa chini ya mti na simu. Mke anayezungumzia kipigo wakati mume yuko sebuleni hana faragha yoyote, na kwake ofisi ya ustawi wa jamii ni salama zaidi, maana safari ya mjini ina visingizio vingi. Wengine hutumia gari lililoegeshwa, ofisi baada ya saa za kazi, au ujumbe wa maandishi. Ujumbe unafichika wakati wa kuandika, lakini unabaki kwenye simu, kwa hiyo weka ufutike wenyewe.

Kisha kuna siri ya upande wa pili. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliibana kampuni kubwa ya ushauri wa mtandaoni, BetterHelp, ikubali kulipa dola milioni 7.8 kwa madai kwamba ilizipeleka taarifa za wateja, zikiwemo za afya, kwa Facebook, Snapchat na wengine kwa ajili ya matangazo. Kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Una haki ya kumuuliza mshauri anaandika wapi maelezo yako, nani anayaona, na kama anarekodi. Swali hilo liulizwe ofisini pia, kwani faili la karatasi lililoachwa mezani linasomwa na kila anayepita.

Gharama

Kwa kifupi: ana kwa ana kwenye huduma za serikali ada ni ndogo lakini nauli na siku ya kazi iliyopotea ndizo zinazokula. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya mjini ni kama kilomita 70, kwenda na kurudi ni nusu siku. Kwa mtandaoni ada ya kikao huwa kubwa, ila hakuna safari. Bando la kikao cha sauti ni dogo, video ya saa moja inaweza kula mamia ya megabaiti. Namba za bure zipo pia: 199 ya Wizara ya Afya, na 116 kwa jambo linalomhusu mtoto.

Kabla hujatuma pesa

Yeyote anaweza kuweka picha yenye shuka la bluu nyuma yake na kujiita mwanasaikolojia. Muulize alisoma wapi na nini. Chuo Kikuu cha Muhimbili, kwa mfano, hufundisha saikolojia tiba ngazi ya uzamili. Muulize nani anamsimamia, na amewahi kushughulikia tatizo kama lako mara ngapi. Muulize atafanya nini mkiwa kwenye kikao na wewe ukazidiwa: mshauri wa kweli atataka kujua uko wilaya gani, hospitali ipi iko karibu, na namba ya ndugu mmoja unayemwamini, kabla hata ya kikao cha kwanza. Anayeahidi kukuponya uraibu kwa siku saba, anayekutaka ulipie vikao kumi kwa mkupuo, au anayekuuzia dawa kwa ujumbe, mwache.

Lipia kikao kimoja kwanza. Kama hukusikilizwa, tafuta mwingine, na huna haja ya kumwomba radhi.